Mzigo Umefika, Mwenyewe Hayupo

Ndugu mwenyekiti, wenye maduka ya mtandaoni, wasimamizi wa maghala, na hasa nyinyi madereva mliokaa safu ya nyuma karibu na mlango kana kwamba oda itaingia sasa hivi: habari za asubuhi.

Nimeombwa kuzungumzia namna ya kuboresha delivari, ule mwendo wa mwisho wa kumfikishia mzigo mtu aliyeagiza mtandaoni. Wataalamu wanauita maili ya mwisho, na jina hilo limeazimwa kwa watu wa simu. Enzi za nyaya, kuunganisha mji na mji kulikuwa nafuu ukilinganisha na kuvuta waya kutoka kituoni hadi ndani ya kila nyumba. Kile kipande kifupi ndicho kilichomaliza fedha. Kwetu ni vivyo hivyo. Kontena moja huvuka bahari na maelfu ya bidhaa kwa safari moja. Lori linabeba mamia. Halafu kila kifurushi kinashuka na kudai safari yake, mlango wake, mtu wake na simu yake.

Niseme msimamo wangu mapema, ili asiyekubaliana nao aanze kuandaa swali. Tumekuwa tukitafuta dawa barabarani na ugonjwa haupo barabarani. Tunanunua pikipiki zenye nguvu, tunabana muda, tunawafokea madereva. Lakini saa inayotula ni ile inayoanza pikipiki ikishazimwa.

Kabla ya kukaa ofisini nilikuwa dereva kwa miaka minne. Siku moja nilipeleka boksi la viatu. Maelezo yalisema: "Jengo la bluu, karibu na kona, ukifika piga." Nilifika konani saa tano na dakika tatu. Majengo ya bluu yalikuwa mawili. Nikapiga simu, inatumika. Nikapiga tena, inaita haipokelewi, maana namba ngeni siku hizi watu wanaiogopa. Nikatuma ujumbe. Dakika ya saba mteja akapiga mwenyewe: "Uko wapi?" Nikamwambia niko chini ya jengo la bluu. Akasema, "Hata mimi niko dirishani, sikuoni." Tulibishana kwa adabu, kila mtu ana jengo lake na ana uhakika nalo. Kumbe jengo lake lilikuwa la bluu zamani. Lilishapakwa rangi ya maziwa, yeye kalizoea kwa jina lile lile.

Dakika ya kumi na moja nikapata geti. Mlinzi akanipa daftari niandike jina, kalamu ikakataa kuandika. Ghorofa ya nne kwa ngazi. Mteja akataka ajaribu kiatu, haki yake. Akajaribu kimoja, akaridhika, akatoa noti kubwa. Chenji sina. Akagonga kwa jirani. Nilipowasha pikipiki zilikuwa zimepita dakika 17. Kutoka kwa mteja aliyetangulia hadi pale nilikuwa nimeendesha dakika nne.

Sasa tufanye hesabu, na ni hesabu ya mfano tu, kila mtu akaweke namba zake. Zamu ya saa 8 ni dakika 480. Dereva anayepeleka mizigo 40 anatumia wastani wa dakika 12 kwa kila mmoja. Tuseme dakika 5 ni za barabarani na 7 ni za kusimama. Ukimkimbiza dereva aongeze mwendo kwa robo, umeokoa dakika moja, na umemsogeza karibu na hospitali. Ukiondoa simu moja isiyopokelewa na tatizo la chenji, umeokoa mbili bila kumwambia mtu akimbie. Dakika 12 zikiwa 10, mizigo 40 inakuwa 48. Dereva yule yule, pikipiki ile ile, zamu ile ile.

Siko peke yangu kwenye hili. Huko Seattle, Marekani, Chuo Kikuu cha Washington kina maabara inayoitwa Urban Freight Lab, na watafiti wake hawazungumzii maili ya mwisho tu. Wanazungumzia futi 50 za mwisho, yaani mita kama 15: kutoka gari liliposimama hadi mkononi mwa mpokeaji. Walikwenda kwenye jengo la Seattle Municipal Tower lenye ghorofa 62, wakaangalia muda wa wasambazaji unapotelea wapi. Unapotelea kwenye lifti, kwenye korido, kwenye kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Wakaweka makabati ya kupokelea mizigo chini. Muda wa msambazaji kuwa ndani ya jengo ukapungua kwa zaidi ya robo tatu. Hakuna aliyegusa injini.

Kuna kisa nakipenda ambacho wengi mtadhani ni utani. Januari 1913, huduma ya vifurushi ya posta ya Marekani ikiwa na wiki chache tu tangu ianze, wazazi wawili wa jimbo la Ohio walimtuma mtoto wao wa miezi minane kwa bibi yake kwa njia ya posta. Kweli kabisa. Kikomo cha uzito kilikuwa pauni 11, na mtoto alikuwa chini yake kidogo. Walilipa senti 15, wakamkatia bima ya dola 50, tarishi akambeba na kumfikisha salama. Umbali ulikuwa kama maili moja. Baadaye posta ikapiga marufuku kutuma watu, na ilifanya vyema. Ila mimi nikikitazama kisa kile kwa jicho la dereva, naona delivari isiyo na dosari. Tarishi aliijua nyumba. Malipo yalishafanyika. Na nina hakika bibi hakuwa ametoka kwenda dukani.

Hebu tuanze na nyumba, kwa sababu ndipo tunapopoteza zaidi.

Watu wengi wanadhani shida ya anwani ni ya nchi zisizo na majina ya mitaa. Si kweli. Ireland, nchi yenye posta ya miaka na miaka, ilipoanzisha msimbo wake wa Eircode mwaka 2015, zaidi ya theluthi moja ya anwani zake hazikuwa za pekee: nyumba kadhaa za eneo moja la kijijini zilitumia anwani ile ile neno kwa neno. Barua zilikuwa zinafika kwa sababu tarishi aliwajua watu kwa majina. Alipokuja dereva mgeni na boksi la mtandaoni, ujuzi ule hakuwa nao. Eircode ikatoa msimbo wa herufi na tarakimu 7 kwa kila anwani, si kwa mtaa, kwa kila anwani.

Pasipo na mfumo kama huo, kuna njia ambayo haihitaji serikali wala malipo. Plus Codes za Google zinagawa dunia kwa viboksi. Msimbo wa alama 10 unakupa kiboksi chenye upande wa mita kama 14, na umeundwa bila irabu ili usije ukaandika neno la aibu kwa bahati mbaya. Unakokotolewa kutokana na latitudo na longitudo, kwa hiyo hata simu isiyo na mtandao inaweza kuusoma ikiwa ina programu yake. Mteja anaweza kuutuma kwa ujumbe wa kawaida na dereva akauandika kwenye stika.

Lakini nawaomba msiondoke hapa mkidhani lokesheni ndiyo mwisho wa habari. "Nitumie lokesheni" ni sentensi iliyonitesa kuliko mvua. Lokesheni inasema simu ilipo. Mteja anaagiza akiwa kazini, pini inaanguka kazini, mzigo anautaka nyumbani. Au pini ni sahihi kabisa, imeanguka katikati ya paa la nyumba, na geti liko mtaa wa nyuma, na kati ya mtaa huu na ule kuna ukuta na mzunguko wa dakika sita. Ramani inajua nyumba. Dereva anahitaji geti.

Dawa yake ni ya bei rahisi hadi inatia mashaka. Kwanza, ile fomu ya kuagizia. Fomu nyingi nilizoziona zina kisanduku kimeandikwa "Anwani 1" na kingine "Anwani 2". Hakuna binadamu anayejua nini kinaandikwa kwenye Anwani 2. Watu wanarudia Anwani 1, au wanaandika "asante". Futeni. Muulizeni mteja kama angeulizwa na mgeni aliyepotea: "Ukisimama getini kwako, unaona nini upande wa pili wa barabara?" Jaribuni swali hilo. Anayeishi mahali miaka kumi haoni nyumba yake ina rangi gani, lakini anachokitazama kila asubuhi akitoka anakijua.

Pili, na hili ndilo ninalolililia kila mwaka: hifadhini mahali mzigo ulipokabidhiwa. Dereva anapobonyeza "umepokelewa", simu yake iko getini, au mlangoni, mita mbili kutoka kwa mteja. Hiyo ndiyo pini bora kuliko zote duniani, imetolewa bure, na mifumo mingi inaitupa. Inabaki kichwani mwa dereva. Akihamia kampuni nyingine anaondoka na mji mzima kichwani, na tunaanza upya kumfundisha kijana mwingine kwa gharama ya wateja.

Sasa, mwenyewe hayupo.

Safari iliyoshindikana inauma kuliko mnavyoiandika kwenye vitabu. Ikiwa mzigo mmoja kati ya 10 unarudi, na unaporudiwa nao unashindikana kwa kiwango kile kile, basi ili mizigo 100 ifike unahitaji safari kama 111. Hizo 11 za ziada hazina mapato hata kidogo. Zina mafuta, zina muda, zina nafasi stoo, na zina mteja anayeandika maoni mabaya usiku huo huo, hata kama ni yeye aliyezima simu.

Ninapotafuta nchi ya kujifunzia jambo hili naenda Japani, kwa mafanikio yake na kwa makosa yake. Kampuni ya Yamato ilianza huduma yake ya kupeleka vifurushi majumbani tarehe 20 Januari 1976. Siku ya kwanza ilipokea vifurushi 11. Ikakua hadi ikawa mfano wa dunia. Mwaka 1998 ikamruhusu mteja achague kipindi cha siku anachotaka mzigo uje. Na asipokuwepo, dereva anarudi bure. Mteja aliona huduma. Dereva aliona ngazi zile zile mara ya pili na ya tatu. Biashara ya mtandaoni ilipofurika, takwimu za serikali katikati ya miaka ya 2010 zilionyesha kwamba karibu mzigo mmoja kati ya mitano haukumkuta mtu nyumbani safari ya kwanza. Nchi yenye adabu ya muda kama ile! Mwaka 2017 Yamato ikafuta kipindi cha saa sita hadi saa nane mchana kwenye orodha ya kuchagua, ili madereva wapate kula. Nikawaza, kumbe kwa miaka yote ile walikuwa wanakula wapi? Na kuanzia Aprili 2024 sheria ya huko imeweka kikomo cha saa 960 za ziada kwa mwaka kwa dereva. Kurudi bure hakukuwa bure. Kulilipwa na mgongo wa mtu.

Kwa hiyo nisiwadanganye kwamba mteja akipewa kuchagua muda, kazi imeisha. Kuchagua muda wakati wa kuagiza ni kubashiri. Mtu anachagua Alhamisi jioni akiwa Jumatatu. Alhamisi ikifika ana msiba, ana kikao, ana mtoto mgonjwa. Kinachofanya kazi ni kumtafuta kabla mzigo haujapakiwa. Ujumbe wa asubuhi, mfupi, wenye swali moja linalojibika kwa kidole: leo utakuwepo, au tuuache kwa mtu, au tuupeleke kituoni? Asiyejibu, mzigo wake usipande pikipiki. Najua wenye maduka mnachukia hili kwa sababu mnataka kila mzigo utoke ghalani siku hiyo hiyo ili takwimu zipendeze. Mzigo uliotoka na kurudi si mzigo uliotoka.

Na dereva anapopiga simu, ile namba iwe inajulikana. Mteja akishapokea ujumbe asubuhi unaosema "utapigiwa na namba hii", anapokea. Bila hivyo mnamlaumu kwa kuogopa matapeli, jambo ambalo sisi sote tunamfundisha mama zetu.

Makabati na vituo vya kuchukulia mizigo nimeshavigusa, nitaviongeza kidogo tu. Ujerumani ilianza na makabati ya posta yake yaitwayo Packstation mwaka 2001. Poland, kampuni ya InPost ilianza kuweka makabati mwaka 2009, na kufikia 2023 yalikuwa zaidi ya 20,000 nchini humo. Hesabu yake iko wazi: dereva anasimama mara moja anaacha mizigo mingi, na kabati halitoki kwenda dukani. Lakini kabati lisipokuwa njiani mwa mteja ni kumhamishia yeye ile maili yetu ya mwisho. Mahali pake ni pale ambapo mteja angepita hata bila mzigo. Na kwa asiye na mtaji wa makabati, chumba kidogo kwenye duka linalofungwa usiku wa manane kinafanya kazi ile ile, ilimradi mwenye duka analipwa kwa kila mzigo na si kwa ahsante.

Nije kwenye ahadi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi naamini walikuwa wanazungumzia delivari. Mwaka 1996 Marekani ilianzishwa kampuni iitwayo Webvan, ikauza bidhaa za nyumbani mtandaoni na kumwahidi mteja kufikishiwa ndani ya dirisha la dakika 30 alilochagua mwenyewe. Waliagiza maghala ya kisasa kwa mkataba wa karibu dola bilioni 1 kabla hawajajua kama mtaa mmoja utawapa oda za kutosha. Julai 2001 walifunga. Mbio za sakafuni. Wanaofanya biashara hiyo hiyo leo wanaiweza, kwa sababu oda sasa zimesongamana: nyumba tatu za mtaa mmoja zinaagiza siku moja. Maili ya mwisho inashuka bei milango ikiwa karibu karibu, na dirisha la dakika 30 linaitawanya. Ukimpa kila mteja dakika yake, unamfanya dereva avuke mji mara nne kwa mizigo minne ya mtaa mmoja.

Msinielewe vibaya, wapo wenye haraka ya kweli, na walipie haraka hiyo. Walio wengi, kwa nilivyowaona mlangoni, hawakukasirikia siku mbili. Walikasirikia kuambiwa "leo" mara tatu. Mpe mteja "kesho kati ya saa nane na saa kumi", timiza, na utashangaa anavyokusubiri kwa utulivu. Na muda wa mwisho wa kupokea oda za siku uwe muda wa mwisho kweli, usisogezwe kwa sababu kuna mteja mkubwa kapiga simu. Oda moja inayochelewa kuingia inachelewesha mizigo 30 iliyokwisha kupangwa.

Kupanga njia nitapita haraka, maana programu zipo. Mjue tu ukubwa wa tatizo: vituo 10 vinaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800. Vituo 15, zaidi ya trilioni 1.3. Hakuna msimamizi anayezipima zote kwa kalamu, na programu nayo haizipimi zote, inatafuta iliyo nzuri vya kutosha. Kampuni ya vifurushi ya UPS ya Marekani kwa miaka mingi imepanga njia zake kukwepa kukata kushoto, kwa sababu huko wanaendesha upande wa kulia na kukata kushoto ni kusimama kusubiri wanaokuja. Mnaona? Hata wao wanakimbia kusimama. Wanaoendesha upande wa kushoto, geuzeni. Ila programu haijui kwamba mlinzi wa jengo fulani huenda kuswali mchana na geti linafungwa. Dereva akibadilisha mpangilio, msimkate pesa. Muulizeni kwa nini, na muandike jibu. Na mizigo ipakiwe kinyume: wa mwisho kushuka aingie wa kwanza. Nimewahi kumwaga begi zima kwenye lami, kwenye manyunyu, kutafuta bahasha iliyokuwa chini kabisa. Aliyeipakia alikuwa stoo, mkavu.

Kuhusu maboksi neno moja. Kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka zinapima nafasi badala ya uzito: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, unapata kilo za kulipia. Boksi la 40 kwa 30 kwa 25 linalipiwa kama kilo 6 hata kama ndani kuna chupa moja ya manukato na hewa. Hewa hiyo mnaisafirisha, mnailipia, na kwenye begi la dereva imekaa mahali pa mizigo mingine mitatu.

Malipo mlangoni ni kidonda. Najua kwa nini mteja anataka alipe mzigo ukifika: aliwahi kulipa kabla akatumiwa kitu kingine, au hakutumiwa. Kumhubiria aamini hakusaidii. Mruhusu afungue boksi, alipe kwa simu kwa kiasi kamili, na mrejesheeni haraka akikataa. Baada ya oda tatu zilizonyooka wengi wanaanza kulipa mapema wenyewe. Chenji ikabaki historia.

Sasa dereva mwenyewe. Nilifanya kazi mahali ambapo tulilipwa kwa mzigo uliopokelewa tu. Ukikuta mlango umefungwa, umefanya kazi ya bure. Matokeo yake? Jioni, mizigo mitano imebaki, mvua inakuja, kila mmoja wetu alijua namna ya kubonyeza "mteja hapatikani" bila kupiga simu. Sijivunii. Baadaye wakaanza kulipa nusu kwa safari iliyoshindikana, na wajanja wakageuza huo mradi. Kilichotuliza mambo ni kulipa safari ya kweli yenye ushahidi: simu mbili zilizorekodiwa na mfumo na pikipiki kuonekana pale getini kwa dakika kadhaa. Haikuwa kwa ajili ya kumkomoa dereva. Ilimlinda, maana mteja naye anaweza kusema hakupigiwa. Tarakimu nne anazotumiwa mteja na kumtajia dereva mlangoni zinafanya kazi ile ile upande wa pili: hakuna tena ubishi wa nani alipokea.

Mtaniuliza kuhusu ndege zisizo na rubani na roboti za barabarani. Zipo, zinaruka, zinatembea, na pale ambapo barabara haipitiki zinaokoa maisha. Kwa boksi la viatu ghorofa ya nne, bado nasubiri kuiona inayoandika jina kwenye daftari la mlinzi.

Limebaki jambo la mizigo inayorudishwa, ambalo kila kampuni inalichukulia kama adhabu. Yule mteja wa viatu alivirudisha. Kile alichokijaribu kilimtosha. Cha pili kilikuwa namba nyingine, kosa la stoo. Kesho yake nilitumwa mimi tena, kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa na mizigo upande ule. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jengo la rangi ya maziwa. Mlinzi alinipungia mkono, daftari hakulitoa. Mteja alikuwa amekwisha kushuka, boksi mkononi. Hapakuwa na chenji wala ngazi. Dakika mbili, nikaondoka. Sikuandika chochote mahali popote, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuandika.

Wiki iliyofuata aliagiza tena, akapangiwa kijana mgeni. Saa tano na nusu kijana akanipigia simu. Alikuwa amesimama chini ya jengo la bluu.

Ndugu mwenyekiti, naomba niishie hapo. Naona mkono kule nyuma, na ni wa dereva. Karibu.